Kabla patasi haijagusa mbao

Karakana ina oda tatu kwa pamoja: mlango wa pande mbili wa dada mmoja wa Dodoma, fremu za vioo za nyumba ya wageni hapahapa Bagamoyo, na vibao vya majina vya watu walioagiza wakati wa tamasha la TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Tamasha hilo lipo tangu 1982, na kila likija wageni wanataka kuondoka na kitu mkononi.

Jumatatu jioni, vumbi likishafagiliwa, nafungua daftari na kuandika kila kazi imefika wapi. Swali langu ni moja tu: patasi imeshagusa mbao, au bado?

Kabla ya hapo, hakuna kinachoharibika. Mteja akitaka nakshi ya mnyororo itoke kwenye miimo, zile nguzo za pembeni za mlango, liingie waridi, nafuta kwa raba. Patasi ikishapita, kilichotoka hakirudi. Kwa hiyo maneno yote, ya sura, ya bei na ya tarehe, nataka yaishie kwenye karatasi. Nachora kwa ukubwa halisi, nabandika ukutani, namtumia mteja picha, kisha namwacha alale nayo.

Dada wa Dodoma alipiga juzi. "Fundi, nimeona mlango mtandaoni una samaki. Na mimi nataka."

"Bado tuko kwenye karatasi, dada. Unamtaka wapi?"

Tukamweka chini ya miimo, ambako samaki huchongwa kwenye milango mingi ya zamani ya pwani, mnyororo ukipanda juu yake. Mchoro umependeza kuliko wa kwanza, nakiri kwa furaha.

Kinachowatatiza wateja ni kungoja. Wanaona mbao zimepangwa chini ya bati, vipande vidogo vikizitenganisha ili hewa ipite, ncha zimepakwa rangi zisikauke haraka zikapasuka, wanadhani fundi amelala. Lakini hewa yetu ina unyevu na ya Dodoma ni kavu. Mbao iliyozoea bahari ikifika bara inapoteza maji na kusinyaa, zaidi kwa upana kuliko kwa urefu. Ndiyo maana nimechagua mninga, mti uliotulia kuliko mingi. Na ndiyo maana vibao vya kati vya mlango sitavitia gundi. Vitakaa huru ndani ya mfereji wa fremu, visinyae bila kupasuka. Kingo zake nitazipaka vanishi kabla ya kuunganisha, ili kibao kikijivuta usionekane mstari mkavu pembeni. Kungoja huku nakuandika kwenye makubaliano pamoja na kuchonga na kupiga msasa, kwa sababu ni sehemu ya kazi.

Mlango ukingoja, mikono inaendelea na fremu za vioo. Vibao vya majina navifanya asubuhi mapema, kabla simu hazijaanza.

Fedha sizichanganyi. Malipo ya kwanza ya mteja ni ya mbao yake. Hayalipi kodi ya karakana wala hayanunui mbao ya mwingine. Hapo sina mjadala na mtu.

Kwenye mlango kumebaki jambo moja, upana wa mfaa, ule mti wa katikati unaofunika pande mbili zinapokutana. Dada anautaka mwembamba. Mimi naona mlango mpana vile unadai mfaa mnene, wenye nafasi ya kuchongwa kwa kina. Nitachora yote miwili nimtumie kabla ya Ijumaa, aamue mwenyewe.