Waifai haionekani kabisa kwenye Ubuntu 20.04: nilivyotatua

Dada mmoja mwenye steshenari Majengo, Moshi, aliniletea laptopu: Ubuntu 20.04 (mfumo endeshi wa Linux) imekaa vizuri, ila waifai haipo hata kwenye menyu. Nikaandika `lspci -nnk`, amri inayoorodhesha vifaa vya ndani na draiva zake (programu zinazoviendesha). Kadi ilikuwepo, MediaTek yenye namba 14c3:7961, lakini chini yake hapakuwa na mstari wa draiva. Yaani kifaa ni kizima, ila keneli (kiini cha Linux, chenye draiva ndani yake) 5.4, ya mwaka 2019, haikijui.

Hapo usisake draiva mitaani. Ya kadi hii, mt7921e, ina msimbo wazi. Wahandisi wa MediaTek wenyewe walishiriki kuiandika, ikaingia kwenye keneli 5.12 mwaka 2021. Hili linanifurahisha sana, maana zamani tulihangaika kukompaili draiva upya (kuijenga kutoka kwenye msimbo) kila keneli ilipobadilika.

Nilichomeka simu kwa waya wa USB, nikaruhusu ishee intaneti, kisha nikaweka keneli mpya zaidi (kifurushi cha hwe) na faili ambazo kadi inazihitaji:

`sudo apt update`
`sudo apt install linux-generic-hwe-20.04 linux-firmware`

Hiyo linux-firmware usiiache: bila faili zake draiva inapakia halafu inakwama. (Msimbo wa faili hizo bado umefungwa, kwa bahati mbaya.) Nikawasha upya, `uname -r`, inayotaja toleo la keneli, ikaonyesha 5.15, na mitandao ya majirani ikajipanga kwenye menyu.