Keki ya Moto wa Juu na Chini

Novemba 2022 Dar es Salaam ilibanwa huku na huku. Vuli ilichelewa, Mto Ruvu ukapungua, maji yakawa ya mgao. Umeme nao ukawa wa mgao. Kila mtaa ulikuwa na kundi lake la WhatsApp la kurushiana ratiba, na kila mtu alijua ratiba zile si za kuapia.

Mimi nilikuwa naoka keki za oda nyumbani, Kigamboni, kwa oveni ya umeme. Jumamosi hiyo nilikuwa na keki ya ngazi tatu ya sherehe ya kumuaga binti, Ilala, saa kumi na mbili jioni. Malipo ya awali nilishapokea na kuyamaliza kwenye mayai na siagi. Kwa mujibu wa ratiba, kwetu umeme ungekatika usiku. Saa tatu na nusu asubuhi feni ilipunguza mwendo, ikazunguka kivivu, ikasimama. Nikageuka kutazama oveni: kitaa chake chekundu kimezimika, na ngazi ya chini, ile kubwa kuliko zote, imo ndani. Mezani kulikuwa na bakuli la mchanganyiko wa ngazi mbili zilizobaki, umeshatiwa bekingi pauda. Mchanganyiko ukishafika hapo haukusubiri. Ukiuacha, hewa inatoka na keki inakuwa kama chapati.

Nilishika simu. Nilianza kuandika ujumbe kwenye kundi, mrefu, wenye herufi kubwa na alama za mshangao. Mama mkwe, aliyekuja kutoka Tanga kumwona mjukuu, alitoka chumbani na kanga zake mbili, akatazama oveni, akanitazama mimi.

"Mwanangu, mkaa upo?"

"Upo mama, lakini hii ni keki ya watu..."

"Nimekuuliza mkaa. Na hiyo simu iweke, keki haiivi kwa simu."

Kuna ushauri watu hupenda kutoa wakati kama huo: vuta pumzi, hesabu mpaka kumi. Mimi nilihesabu, nikapita ishirini, hasira ikawa palepale. Mama mkwe hakuniambia nitulie hata mara moja. Aliniuliza vitu: sufuria pana ipo? Mchanga mkavu? Sinia ya bati isiyo na plastiki? Nikiwa natafuta sinia uvunguni ndipo niligundua kwamba ule ujumbe sikuutuma.

Kwao Ngamiani, Tanga, alikulia kwenye mkate wa kumimina, ule wa unga wa mchele na tui, unaopaliwa makaa juu. Kwake yeye oveni ndiyo kitu cha ajabu. Alitandaza mchanga ndani ya sufuria, akaiacha ishike moto kwanza, akaingiza kopo la keki, akafunika kwa sinia. Makaa hakuyaweka mpaka moshi ulipokwisha kabisa. "Keki inabeba harufu," alisema. "Utapeleka Ilala harufu ya jiko." Kisha akapanga: juu mengi, chini machache. Alipitisha kiganja karibu na sinia, akanyamaza kidogo, akaondoa makaa mawili kwa koleo. Baadaye akarudisha moja.

Akaniachia. Hapo ndipo nilipojua kwamba moto wa mkaa haukupi nafasi ya kununa. Upepo wa bahari ukigeuka, upande mmoja unawaka zaidi, lazima uzungushe sufuria. Ukifunua kabla ya wakati, keki inabonyea. Ilibidi niende kwa pua: harufu ya mayai kwanza, halafu ya vanila, halafu ile ya sukari inayoanza kubadilika rangi, na hapo unatoa makaa ya chini haraka. Nusu saa nzima sikumfikiria mtu wa ratiba.

Ile ya kwenye oveni alinikataza kufungua mlango. Joto lililobaki lilifanya lilivyoweza, kisha tukaimalizia kwenye mkaa. Ilitoka na bonde katikati. Hilo si jambo kubwa kwa waokaji, ingawa wateja hawajui: unakata kilele, unaigeuza juu chini, unaziba palipobonyea kwa makombo yaliyochanganywa na krimu, kisu kinapita, hakuna anayeona.

Krimu ndiyo ilinitoa jasho. Mashine ya kuchapia haikuwa na umeme, na joto la Novemba siagi hailiwezi. Niliongeza mafuta ya mgando ili ishikane, nikakalisha bakuli kwenye beseni la barafu za jirani, ambaye alifurahi kuziuza kabla hazijayeyuka. Nikachapa kwa mwiko wa mbao, mkono ukichoka nahamia wa kushoto. Maji ya kuoshea vyombo yalikuwa ya dumu moja, kwa hiyo vyombo vilisubiri.

Safari naisimulia kwa kifupi, maana foleni ya pantoni, kivuko cha Kigamboni, kila mtu anaijua. Foleni ya magari ilikuwa ndefu, lakini kijana wa bajaji alitaka tusubiri, maana njia ya Magogoni ni fupi. Nikamwambia apite Daraja la Nyerere, tuzunguke Kurasini. Alilalamikia mafuta. Nilimwongezea nauli bila kubishana, jambo ambalo asubuhi ile nisingeliweza, nikashikilia maboksi magotini mpaka Ilala. Tulifika watu wa mapambo wakiwa bado wanafunga vitambaa. Shangazi wa binti aliizunguka keki akiwa na miwani puani, akasema waridi za upande mmoja zimelala. Kweli zilikuwa zimelala. Nilikuwa na krimu ya akiba kwenye mfuko, nikazisimamisha hapohapo.

Mwaka uliofuata nilinunua oveni ya gesi. Mama mkwe alipokuja tena niliifungua, nikamwonyesha ngazi zake na kioo cha mlango. Akaisifu vizuri tu, kisha akainama kutazama mpira unaotoka kwenye mtungi.

"Na hii ikiisha katikati ya keki?"

"Nina mtungi wa pili, mama."

"Na mkaa?"

"Na mkaa upo."