Mkwamo wa Bunge ambao haukutokea Kenya

Wiki ile ya Agosti 2022, kuanzia siku ya kura Jumanne tarehe 9 hadi mshindi alipotangazwa Jumatatu tarehe 15, Wakenya wengi tuliishi kwa kuhesabu. Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka ilikuwa imeziweka wazi kwenye tovuti yake fomu 34A, yaani fomu za matokeo, za vituo zaidi ya 46,000, kila mwenye simu akawa karani wa kujumlisha, na vituo vya televisheni vikatoa hesabu zisizolingana hadi vikachoka na kuacha kabla ya kazi kwisha. Mwenyekiti wa tume, Wafula Chebukati, aliposimama Bomas, kituo cha kitaifa cha kujumlishia kura, baada ya vurugu za jukwaani, alisoma kura 7,176,141 za William Ruto na 6,942,930 za Raila Odinga. Tofauti ilikuwa kura 233,211 katika nchi yenye wapiga kura waliosajiliwa zaidi ya milioni 22.

Eldoret walicheza barabarani usiku huo, na Kisumu na Kibera matairi yakachomwa. Makamishna wanne wa tume kati ya saba, wakiongozwa na Juliana Cherera, walikuwa tayari wamejitenga na matokeo wakiwa katika hoteli ya Serena. Baadaye walidai kwamba asilimia zilizosomwa zilifika 100.01, na kwamba kiasi hicho kilichozidi kilikuwa sawa na kura 142,000. Asilimia 0.01 ya kura milioni 14 ni kura 1,400 hivi, na kosa hilo lilifanyiwa mzaha kwa muda mrefu hata likaifunika hoja yao nzito zaidi, kwamba hatua ya mwisho ya kujumlisha haikufanywa kwa uwazi. Tarehe 5 Septemba majaji wa Mahakama ya Juu, chini ya Jaji Mkuu Martha Koome, walitupilia mbali kesi za kupinga ushindi huo kwa kauli moja, na tarehe 13 Ruto akaapishwa Kasarani.

Hofu iliyobaki ilihusu Bunge. Hapa Mombasa bado tulikuwa na kura ya gavana iliyoahirishwa hadi tarehe 29 Agosti kwa sababu ya makosa katika karatasi za kura, kwa hiyo mazungumzo ya siasa barazani hayakupoa, na swali lililoulizwa mara nyingi lilikuwa rahisi: rais huyu atapitishaje sheria? Azimio la Umoja, muungano wa Raila, na Kenya Kwanza, muungano wa Ruto, walikuwa wamekaribiana mno katika Bunge la Taifa lenye wabunge 349, wagombea huru 12 walikuwa wamechaguliwa nje ya mirengo yote miwili, na katika Seneti pengo lilikuwa la viti vichache tu. Magazeti yaliandika juu ya rais atakayefungwa mikono, bajeti zitakazokataliwa na mawaziri watakaokwama katika kamati za kuwapiga msasa. Kwa kuwa katiba ya 2010 iliwatoa mawaziri bungeni na kutenganisha serikali na Bunge, hofu hiyo ilikuwa na msingi kwenye karatasi.

Ilichukua majuma machache tu kuyeyuka. Wengi wa wagombea huru walikimbilia upande wa mshindi kabla hata ya Mahakama ya Juu kuamua. Chama cha UDM chenye mizizi Mandera, kilichoingia uchaguzini chini ya mwavuli wa Azimio, kilihamia Kenya Kwanza. PAA cha Amason Kingi na Maendeleo Chap Chap cha Alfred Mutua vilikuwa vimeanza safari hiyo miezi mitatu kabla ya kura, na viongozi wao hawakurudi mikono mitupu: Kingi akawa Spika wa Seneti, Mutua akawa waziri wa mambo ya nje. Tarehe 8 Septemba Moses Wetang'ula alichaguliwa Spika wa Bunge la Taifa kwa kura 215 dhidi ya 130 za Kenneth Marende, na hesabu hiyo peke yake ilitosha kuonyesha kwamba mkwamo uliotabiriwa hautakuwapo. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 6 Oktoba, Spika huyo huyo aliamua kwamba Kenya Kwanza ina wabunge 179 na Azimio 157, na kwa hiyo Kenya Kwanza ndiyo upande wa walio wengi.

Hapa pana kejeli ambayo sijaona ikisemwa vya kutosha. Mapema mwaka 2022, wakati wa ushirikiano wa Raila na Uhuru Kenyatta, rais wa wakati huo, Bunge lilirekebisha Sheria ya Vyama vya Kisiasa ili muungano uweze kusajiliwa kama chama kimoja. Wafuasi wa Ruto waliupinga mswada ule kwa nguvu zote, hadi ngumi zikarushwa ukumbini mwishoni mwa 2021, kwa madai kwamba ulitungwa ili kuvifunga vyama vidogo ndani ya Azimio. Kama kweli hilo ndilo lililokuwa lengo, kamba ilikatika siku ya kwanza ya kuvutwa. Ni Februari 2025 tu ambapo majaji watatu wa Mahakama Kuu waliamua kwamba Spika alivunja katiba alipovihesabu vyama vilivyohama upande wa Kenya Kwanza, na siku chache baadaye Wetang'ula akarudi kitini, akaviondoa, na kutangaza kwamba Kenya Kwanza ingali na wengi kwa 165 dhidi ya 154. Zaidi ya miaka miwili ya kesi haikubadilisha hata mpangilio wa viti.

Sababu ya urahisi huu haipatikani katika tabia ya mbunge mmoja mmoja, ingawa hiyo ndiyo tunayopenda kuilaumu. Mbunge wa Kenya hachaguliwi ili atunge sheria. Wapiga kura wake humpima kwa karo za wanafunzi, madarasa, barabara na umeme. Mfuko wa maendeleo ya maeneo bunge, ule tunaouita CDF, humpa sehemu ya hayo, lakini Hazina ndiyo inayoamua fedha zitoke lini, na barabara kubwa na nguzo za umeme ziko mikononi mwa wizara. Mwanasiasa wa upinzani anayekaa miaka mitano akipinga kila kitu anarudi nyumbani bila cha kuonyesha. Ndiyo maana tangu mapema 2023 wabunge wa Jubilee, chama kilichokuwa nguzo ya Azimio, na hata baadhi ya wabunge wa ODM, chama cha Raila, kutoka Nyanza, walionekana Ikulu wakieleza kwamba wamekwenda kutafuta maendeleo ya watu wao. ODM ilijaribu kuwafukuza baadhi yao, lakini kufukuzwa chamani, penye rufaa na mahakama za kila namna, hakumtishi mtu kama kunyimwa barabara.

Matokeo yake yalionekana katika fedha, mahali ambapo mkwamo ungetarajiwa kuuma zaidi. Mswada wa Fedha wa 2023, uliopandisha ushuru wa thamani kwenye mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16 na kuleta tozo ya nyumba ya asilimia 1.5, ulipita kwa kura 184 dhidi ya 88. Ule wa 2024 ulipita tarehe 25 Juni kwa 195 dhidi ya 106, saa ambazo vijana walioupinga walikuwa wanazidi kusogea karibu na majengo ya Bunge. Wakaingia ndani, watu wakapigwa risasi na kuuawa, na kesho yake rais akakataa kutia saini mswada ambao upande wake ulikuwa umetoka kuushangilia.

Naona tarehe hiyo ndiyo bei ya kukosa mkwamo. Upande uliokaribia nusu ya kura za nchi ulipopoteza uwezo wa kuzuia chochote bungeni, ulihamia barabarani: kwanza Raila na maandamano yaliyoanza tarehe 20 Machi 2023, yenye sufuria vichwani na wito wa kufunguliwa kwa seva za tume, kisha kizazi ambacho hakikuwa na habari na Raila wala na seva. Bunge lililogawanyika kwelikweli lingeweza kuurudisha mswada ule kwenye kamati mara mbili au tatu. Lingechosha, lingechelewesha bajeti, lakini katiba ilikwisha kuliwekea hilo njia katika ibara ya 222, inayoliruhusu Bunge la Taifa kuidhinisha serikali itumie hadi nusu ya makadirio ya mwaka huku ikisubiri sheria ya matumizi. Hatukuwa na sababu ya kuogopa serikali kufungwa kama ilivyofungwa ya Marekani kwa siku 43 mwaka 2025.

Baada ya Juni 2024 hata kivuli cha upinzani bungeni kiliondoka. Vigogo wa ODM waligawiwa wizara: John Mbadi alipewa Hazina, Opiyo Wandayi, aliyekuwa kiongozi wa walio wachache, akapewa kawi, na Hassan Joho wetu na Wycliffe Oparanya nao wakaingia katika kile kilichoitwa serikali jumuishi. Oktoba mwaka huo Bunge la Taifa lilimtimua naibu rais Rigathi Gachagua kwa kura 281 dhidi ya 44. Bunge tuliloambiwa lingekwama lilikuwa limepata kura za kutosha kumwondoa mtu wa pili kwa cheo nchini, na nyingi zikabaki.

Hata hivyo Kenya ina mikwamo ya kweli, ila haifuati mistari ya vyama. Mwaka 2020 Seneti ilishindwa mara kwa mara kukubaliana juu ya mfumo wa kugawa fedha za kaunti, kwa kuwa maseneta wa kaunti zenye watu wengi walitaka idadi ya watu iwe na uzito zaidi, na wenzao wa Pwani na wa kaunti kame walijua wangepoteza mabilioni. Chama hakikuwa na maana katika mvutano ule. Maseneta watatu walikamatwa na polisi Agosti hiyo, na kaunti zilibaki bila fedha hadi Septemba. Mwaka 2024 mvutano ulikuwa kati ya mabunge mawili: baada ya Mswada wa Fedha kuanguka, Bunge la Taifa lilitaka kaunti zipewe shilingi bilioni 380, Seneti ikashikilia bilioni 400.1, na upatanisho uliofikia bilioni 387.4 ulikamilika Desemba, karibu nusu ya mwaka wa fedha ikiwa imepita. Kinyume chake, mwaka 2025 wabunge walipoletewa mswada wa kuingiza CDF ndani ya katiba, karibu 300 waliunga mkono bila hata mmoja kupinga.

Mkwamo mkubwa kuliko yote ulikuwa wa Tume ya Uchaguzi yenyewe. Kati ya wale wanne wa Serena, watatu walijiuzulu Desemba 2022, na wa nne, Irene Masit, akaondolewa baada ya kuchunguzwa na jopo. Muhula wa Chebukati na makamishna wake wawili waliobaki ulikwisha Januari 2023. Kuanzia hapo nchi iliyotoka kubishana juu ya kura 233,211 ilikaa bila kamishna hata mmoja wa uchaguzi. Jopo la kuteua wapya liliundwa, likasimamishwa na mazungumzo ya Bomas kati ya Kalonzo Musyoka wa Azimio na Kimani Ichung'wah wa Kenya Kwanza, sheria ikarekebishwa na kutiwa saini Julai 2024, vyama vya Azimio vikagombana juu ya nani awawakilishe katika jopo hilo, kesi zikafuata, na tarehe 11 Julai 2025 ndipo mwenyekiti mpya, Erastus Ethekon, na wenzake sita walipoapishwa.

Katika kipindi chote hicho hakuna uchaguzi mdogo uliofanyika. Watu wa Banissa, Kaunti ya Mandera, walimpoteza mbunge wao katika ajali ya barabarani Machi 2023 na hawakumchagua mwingine hadi tarehe 27 Novemba 2025; miswada yote miwili ya fedha niliyoitaja ilipigiwa kura wakiwa hawana sauti. Vijana waliotaka kuwarudisha nyumbani wabunge walioiunga mkono hawakuwa na tume ya kupelekea maombi yao. Serikali haikuumia, upinzani ulikuwa na kitu cha kulalamikia, na sioni ni nani bungeni aliyekosa usingizi kwa sababu ya Banissa.

Deni moja la kipindi hicho bado halijalipwa. Katiba inaitaka tume ipitie upya mipaka ya maeneo bunge kila baada ya miaka minane hadi 12, na kwa kuwa mipaka ya sasa ilichapishwa Machi 2012, muda ulipita Machi 2024 kukiwa hakuna kamishna wa kuanza kazi. Uchaguzi ujao ni tarehe 10 Agosti 2027. Mwaka 2012 maeneo 27 yaliokolewa yasifutwe ingawa hayakufikia idadi ya watu inayotakiwa, yakiwemo Lamu Mashariki na Lamu Magharibi, na wabunge wa maeneo hayo 27 wanatoka katika karibu kila mrengo. Naelewa kwa nini hawana haraka. Wakimuudhi mtu yeyote kwa kukawia, huyo ni mpiga kura wa maeneo ya Nairobi yenye watu wengi kama Embakasi au Kasarani, ambaye sauti yake imepungua uzito na ambaye hawamhitaji.