Kanga yangu ilibaki kapuni

Nilikaa Takasaki, huku Japani, mwaka mmoja na nusu kabla sijakanyaga Kusatsu, mji wa chemchemi za maji moto, na si kwa kukosa nauli. Treni ya kawaida hadi stesheni ya Naganohara-Kusatsuguchi ni kama saa moja na nusu, na basi la kupanda mlimani halifikishi nusu saa. Kilichonizuia ni aibu. Kila niliyemuuliza aliniambia lile lile: kwenye onsen, yaani mabafu ya maji moto ya Wajapani, unaingia kama ulivyozaliwa. Nguo ya kuogelea hairuhusiwi, taulo halitiwi majini, na kanga ndiyo usiitaje kabisa.

Mimi mtu wa Tanga. Nimelelewa na bibi ambaye ukitoka bafuni na kanga moja badala ya mbili anakuuliza unakwenda wapi uchi. Nilipompigia simu kumweleza safari yenyewe, alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Na wanaume wako wapi?" Nikamwambia wana upande wao, na ukuta katikati. "Haya. Basi nenda, lakini usiniletee picha."

Februari nikaenda, mimi na mwenzangu wa maabara, msichana wa Kijapani aliyechoka kunisikia nikitoa visingizio.

Kusatsu iko mita kama 1,200 juu ya usawa wa bahari, na siku ile theluji ilinifika magotini. Kabla sijaona chochote, harufu ikanipokea pale pale kituo cha basi. Mwenzangu akacheka akidhani nitaziba pua. Mimi harufu ile naijua tangu utoto: ndiyo ya Galanosi, kule karibu na mapango ya Amboni. Kibiriti upele. Jina linajieleza lenyewe, maana watu wa kwetu huenda Galanosi kuoga wakiwa na maradhi ya ngozi, na Kusatsu nako wagonjwa wamekuwa wakija kwa karne nyingi kwa sababu hiyo hiyo. Ila Wajapani wamejenga mji mzima kuizunguka ile harufu, na sisi tumeiachia kibao cha barabarani.

Katikati ya mji pana kitu wanachokiita Yubatake, maana yake shamba la maji moto. Maji yanabubujika yakiwa na joto la zaidi ya nyuzi 50, huwezi kuyaoga, na kuyachanganya na maji baridi hawataki kwa kuwa dawa itapungua nguvu. Kwa hiyo wanayapitisha kwenye mifereji mirefu ya mbao yapoe polepole, huku mvuke ukipanda na unga wa kibiriti wa rangi ya manjano ukibaki chini. Njia ya pili ni kuyakoroga. Wanawake wanazunguka birika la kuogea, kila mmoja na ubao mrefu kuliko yeye, wanaingiza na kugeuza, wanaingiza na kugeuza, huku wanaimba. Ukiwatazama utadhani wanasonga ugali wa harusi.

Tulifikia kwenye nyumba ya wageni ya kizamani, ya mikeka na milango ya karatasi. Hapo nilikuwa na tatizo langu la pili. Nilikuwa nimetoka nyumbani kwenye harusi ya binamu yangu, na piko bado iko miguuni. Kwao mchoro mwilini una sifa ya majambazi, na nyumba nyingi za kuogea humkataa mwenye chale. Nikaona bora nimwoneshe mama mwenye nyumba kabla hajaona mwenyewe. Akainama, akatazama, akauliza kama inatoka. Nikamwambia wiki mbili haipo. Akasema ni maua mazuri, akaniuliza tunakula saa ngapi.

Usiku wa kwanza nilikwepa. Nyumba nyingi zina bafu dogo la kukodi, kashikiri, unafunga mlango kwa ndani, unakaa dakika zako 45 peke yako. Kwa wenzangu ambao dini haiwaruhusu kuvua hata mbele ya wanawake wenzao, hili ndilo jibu, na hakuna atakayekuuliza kwa nini. Kwangu lilikuwa mazoezi. Nilijifunza mle kwamba kwanza unakaa kwenye kigoda, unajisugua kwa sabuni na kujisuuza mpaka hakuna povu hata chembe, ndipo unaingia majini. Birika si la kujisafisha. Na unaoga umekaa, maana ukisimama unawarushia jirani maji.

Alfajiri ya pili, saa kumi na moja, nikasema liwalo na liwe. Pazia jekundu upande wa wanawake. Ndani kuna makapu, kila mtu na lake. Nikavua, nikakunja kanga yangu, nikaiweka juu kabisa ili niione nikirudi. Nilibaki na kitaulo ambacho hata leso ya kichwa ni kubwa kuliko hicho. Unajisitiri nacho mbele ukitembea, ukiingia majini unakikunja na kukitua kichwani. Rasta zangu zilikuwa zinafika kiunoni, nikazifunga fundo juu, kwa sababu nywele hazitakiwi kugusa maji.

Mle ndani walikuwamo wanawake wanne, wote umri wa bibi yangu. Nilisubiri macho. Hayakuja. Mmoja alikuwa anajisugua visigino, mwingine amefumba macho kama yuko msikitini. Nilipotaka kutumbukiza mguu, yule wa visigino akainua mkono na kusema neno. Mwenzangu akatafsiri: "Usiyashtukize. Miguu kwanza." Akanipa kata ya mbao. Nikajimwagia miguuni, magotini, mapajani, mabegani, kisha nikashuka taratibu nikiuma meno. Moto wake si wa mzaha. Na si moto tu: maji yale ni makali, ukali wake unakaribia wa maji ya limau. Nilikuwa nimejikata kidole kwa kisu siku mbili nyuma. Kidole kile kilinikumbusha kilipo.

Dakika tatu, nje. Pumzika. Dakika tatu tena. Mara ya pili nilisimama haraka, dunia ikazunguka, yule bibi akanishika kiwiko kama ananijua tangu nizaliwe. Sikukumbuka kwamba niko uchi mpaka nilipofika kwenye kapu.

Mchana tukaenda Sainokawara, bafu kubwa la wazi kwenye bonde nje kidogo ya maduka. Hapo nilikuwa mwenyeji tayari, namwonesha mtalii mmoja kigoda kilipo. Umezama hadi shingoni kwenye moto, theluji inakutua usoni. Nywele za pembeni zilizolowa mvuke ziliganda. Nilipozigusa ncha za rasta zilikuwa ngumu kama njiti za kiberiti, nikazivunjavunja barafu kwa vidole huku nacheka peke yangu.

Kosa langu lilikuwa pete. Pete ya fedha, ya bibi, nimeisahau kidoleni siku nzima. Jioni niliikuta nyeusi kama imetoka jikoni. Nilipompigia nilianza kwa kuzunguka.

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba. Umeoga?"

"Nimeoga. Bibi, ile pete yako..."

"Imeingia weusi," akasema. "Na yangu iliharibika Galanosi kabla mama yako hajazaliwa. Isugue kwa jivu."

Takasaki jivu la kuni utalipata wapi? Nimetumia dawa ya meno na kitambaa, jioni tatu mfululizo. Imerudi kung'aa, isipokuwa ndani ya herufi za jina lake.