Usiku Roy Race Alipopigwa Risasi

Kifurushi kimefika jana asubuhi, na kabla sijakikata kamba harufu ilishajaa ukumbini. Wanaokusanya magazeti ya katuni ya zamani wanaijua: karatasi rahisi iliyokaa sandukuni miaka arobaini, wino, vumbi, na kutu ya zile pini mbili za katikati. Ni matoleo ya Roy of the Rovers ya majira ya baridi, kutoka mwisho wa 1981 kuingia 1982. Kwenye pembe ya juu ya kila toleo mwenye duka la magazeti ameandika namba ya nyumba kwa penseli, ili kijana wa kusambaza ajue mlango wa kulitia. Namba si yetu. Lakini mwandiko ni ule ule wa haraka haraka wa wenye maduka wote wa zama zile, nami nikakaa kwenye ngazi, kifurushi mapajani, nikamkumbuka Bibi.

Bibi alikuja Portsmouth mwezi wa Oktoba, mama alipojifungua mdogo wangu. Alikuja kukaa arubaini tu, kisha aende Muscat kwa Ami. Arubaini ikapita, safari ikaahirishwa, na baridi ikamkuta palepale mbele ya jiko la mafuta ya taa, kavaa sweta mbili na khanga juu yake. Desemba ile ilikuwa miongoni mwa Desemba kali kabisa zilizowahi kupimwa Uingereza. Theluji ilikaa barabarani siku baada ya siku. Bibi hakuwa na pa kwenda wala wa kuzungumza naye mchana kutwa ila mama na kichanga. Televisheni haikumhusu. Mimi nikirudi skuli ndiyo nilikuwa baraza yake.

Siku moja akaniona nimelala kifudifudi nasoma, akauliza: "Huyo mwenye nywele za manjano anasema nini?"

Ndivyo tulivyoanza. Nilikuwa nikimsomea kila kiputo cha maneno kwa Kiswahili, kidole changu juu ya picha, naye akifuata kidole. Herufi za Kizungu hakuzijua. Yeye alisoma za Kiarabu, kwa wepesi, hata taa ikiwa hafifu. Lakini picha alizisoma kuliko mimi. Alikuwa akitambua mtu ana hasira kabla sijafika kwenye maneno yake.

Roy Race mnamjua, wale mliokulia huku. Nahodha, mfungaji na kocha wa Melchester Rovers, timu ya kubuni, mwenye shuti la mguu wa kushoto ambalo makipa walikuwa wakilisikia tu likipita. Alianza Septemba 1954 kwenye ukurasa wa mbele wa toleo la kwanza la Tiger, gazeti jingine la katuni, na 1976 akapewa gazeti lake mwenyewe la kila wiki. Bibi alimpenda kwa adabu yake, ila mguu ule wa kushoto hakuukubali. "Mfundisheni atumie wa kulia," alikuwa akisema. "Jambo la kheri huanza kulia."

Kipenzi chake hasa alikuwa Billy Dane. Huyu alikuwa kwenye Tiger, na Tiger nilikuwa nikiipata kwa kijana wa nyumba ya pili akishamaliza kuisoma. Billy ni yatima, analelewa na bibi yake. Mpira haujui kabisa mpaka siku anapozikuta njumu kuukuu za mchezaji wa zamani, Dead-Shot Keen. Akizivaa, miguu inajipeleka yenyewe palepale ambapo mpira utafika. Akizivua, hajui kitu. Na kila baada ya wiki chache njumu zinapotea: zimeibwa, zimechanika, au bibi yake kazitoa pamoja na vitu vikuukuu vya kwenda kuuzwa.

Kwangu ilikuwa hadithi ya ajabu. Kwa Bibi haikuwa na ajabu yoyote. "Viatu hivyo vina mwenyewe," akasema siku ya kwanza, akaendelea kuvuta tasbihi. Alichokitaka kujua ni kama yule bibi wa kwenye picha anakula vizuri, maana alimwona mwembamba.

Basi, wiki ile.

Tulikuwa na ahadi: Roy hafunguliwi mpaka tumekaa pamoja. Nililichukua gazeti dukani nikalitia ndani ya koti bila kulitazama, nikatembea nyumbani kwenye theluji iliyoganda. Giza lilishaingia ingawa Magharibi haikupita muda mrefu. Mama alikuwa anakunja nepi. Mtoto kalala. Jiko la mafuta lilikuwa linatoa ule mlio wake mdogo, na dirisha lote lilikuwa na mvuke. Nikavua viatu, nikakaa ubavuni mwa Bibi, nikafungua.

Nikaanza kusoma. Rovers wakati huo walikuwa na shida zao. Walishashuka Daraja la Pili, kitu ambacho hakikuwahi kuwatokea, na Roy alikuwa anapambana kuwarudisha juu. Wapo waliomchukia. Nilisoma kwa sauti, nikawafanyia wote sauti zao, kama Bibi alivyopenda. Kisha tukafika Roy akiwa ofisini kwake, kwenye uwanja wa Rovers, Mel Park, na mtu mwenye bastola ambaye sisi wasomaji hatuonyeshwi uso wake.

Nikanyamaza.

"Mbona umenyamaza, babu?"

Sikuweza kujibu. Nakumbuka koo lilivyokaza, na nakumbuka kidole changu kimebaki juu ya karatasi. Bibi akasogeza kidole changu taratibu, akalivuta gazeti mapajani mwake, akainama mpaka pua ikakaribia picha. Alikaa hivyo muda mrefu. Nilikuwa nasikia anavyopumua. Alipoinua uso alikuwa na sura niliyokuwa nimeiona mara moja tu kabla ya hapo, siku ilipokuja simu ya msiba kutoka Unguja.

"Kapigwa," akasema.

"Kapigwa, Bibi."

"Nani kampiga?"

"Hawajasema."

"Hawajasema vipi? Wao si ndio wenye habari?"

"Mpaka wiki ijayo."

Akalifunga gazeti, akaliweka kwenye mkeka, akaliwekea mkono juu. "Ana watoto?"

"Pacha. Mwanamme na mwanamke."

"Ewe Mola," akasema Bibi, na hapo mimi nikaanza kulia. Si kilio cha mtoto mdogo, maana nilikuwa mkubwa. Ni kile cha kujizuia, cha mabega. Mama akaacha nepi. Nadhani alitaka kunisaidia. Akasema, "Mama, huyo si mtu. Ni mtu wa kuchorwa."

Bibi hakumtazama. "Najua kachorwa. Lakini huyu anayelia hakuchorwa."

Kisha akaniambia nikatie udhu.

Maji ya bomba yalikuwa kama barafu. Nikarudi na mikono mitupu ya baridi, yeye keshatandika msala karibu na jiko, akaniweka ubavuni. Akasoma Fatiha, nami nikaifuatisha kimoyomoyo. Akasoma aya nyingine ambazo sikuwa nimefika kwenye chuo. Halafu akaomba kwa Kiswahili, kama alivyokuwa akifanya akitaka nielewe. Akawaombea marehemu wetu. Akamwombea Ami, na kichanga, na mama. Akawaombea wagonjwa: walioko hospitali na walioko majumbani, wa karibu na wa mbali, tunaowajua na tusiowajua. Mimi nilikuwa nasubiri jina. Mikono yangu ilikuwa juu, macho nimefumba, nasubiri aseme Roy. Hakusema. Akasema "Amin", akanipaka viganja vyake usoni, vilikuwa na joto la jiko, akaniuliza kama nitakunywa chai.

Nilimtazama akinywa yake kwenye kisahani. Sikuthubutu kumuuliza. Mtu haulizwi dua yake alikusudia nani. Nimekaa na jambo hili tangu utoto. Kuna miaka nimeamini kwamba Roy alikuwemo, kwenye wale tusiowajua, na kwamba Bibi alimpitisha mlango huo kwa heshima bila kumkufuru Mungu kwa kumwombea picha. Kuna miaka naona hakumwombea kabisa, na wala hakuhitaji. Aliyekuwa anauguzwa pale alikuwa mimi. Bado naona yote mawili yanawezekana.

Wiki zilizofuata Roy alilala hospitali, hana fahamu. Skuli hatukuwa na mazungumzo mengine. Fratton Park, uwanja wa timu ya mji, Pompey wetu wa kweli walikuwa Daraja la Tatu, Alan Knight langoni, lakini kwenye uwanja wa skuli wakati wa mapumziko tulikuwa tunabishana nani alimpiga Roy. Wengi walimshuku Vic Guthrie, mchezaji wake mwenyewe aliyekuwa mkali na mgomvi. Nilipomwonyesha Bibi picha ya Guthrie anafoka, akatikisa kichwa. "Si huyo. Mwenye kelele havizii mtu." Na kweli hakuwa yeye. Alikuwa Elton Blake, mwigizaji aliyepoteza nafasi yake ya kumwigiza Roy kwenye televisheni.

Kukaimu ukocha wakamleta Alf Ramsey. Si wa kubuni: ni Sir Alf mwenyewe, aliyewapa Waingereza Kombe la Dunia 1966, kachorwa na suti yake amekaa kwenye benchi la Rovers. Nilipomweleza Bibi kwamba huyu ni mtu aliye hai, ana nyumba yake na mkewe, alifurahi sana. "Basi hawakumtupa," akasema. "Wamemletea mtu mzima."

Lakini Bibi hakumwona Roy akizinduka. Tiketi ya Muscat ilikuja, na mwanzoni mwa mwaka tukampeleka Heathrow. Kwenye basi aliniuliza kama gazeti la wiki ile limetoka. Lilikuwa bado.

Roy alizinduka baada ya yeye kuondoka. Rovers waliwafunga Keysborough 14–0, wakarekodi kelele za mashabiki, wakampelekea kitandani, na sauti ile ndiyo iliyomwamsha. Nilisoma peke yangu, chumbani, kwa sauti kubwa, kwa Kiswahili, kwa sababu nilishazoea hivyo.

Simu ya kwenda Oman ilikuwa ghali, na hata ingekuwa rahisi, habari ya namna hii haisemwi mbele ya watu wazima wanaosubiri zamu. Nikachukua karatasi ya buluu ya barua ya ndege na nikamwandikia kwa herufi za Kiarabu, zile za chuoni, ili aisome mwenyewe asisomewe na mtu. Nilikuwa sijawahi kuandika Kiswahili kwa herufi hizo zaidi ya jina langu. Ilinichukua jioni nzima. Melchester niliiandika kwa namna tatu, nikachagua iliyopendeza.

Nikirudi kwenye hiki kifurushi: watu huniuliza thamani yake, na si kubwa. Matoleo ya miaka ya themanini yalichapwa kwa wingi. Yaliyo adimu ni yale ya mwanzo ya Tiger, na hata hayo ni adimu kwa sababu yalitupwa tu. Mama wengi walisafisha vyumba vijana walipooa. Waliotutengenezea hadithi hizi hata majina yao hayakuchapwa. Miaka mingi ilipita kabla sijajua kwamba aliyeandika risasi ile ni Tom Tully na aliyeichora ni David Sque. Hilo linaniuma bado. Mkono uliomfanya Bibi ainamishe uso hadi kwenye karatasi ulistahili jina lake chini ya picha.

Na magazeti yenyewe yalikuwa yakimezana. Scorcher, alikozaliwa Billy Dane mwaka 1970, ilimezwa na Tiger 1974. Tiger ikamezwa na Eagle 1985. Mwaka uliofuata Billy akahamia kwa Roy, na njumu zake. Machi 1993 la Roy nalo likasimama, yeye akiwa ameanguka na helikopta. Baadaye wasomaji wakaambiwa amekatwa mguu, ule ule wa kushoto. Nilikuwa mtu mzima nina kazi, nikaufikiria ushauri wa Bibi siku nzima.

Jibu la barua yangu lilikuja baada ya mwezi na zaidi. Ami alikuwa ameandika upande wake: salamu, joto la Muscat, nisome kwa bidii. Chini yake, kwa herufi za Kiarabu, mkono wa Bibi, mistari michache. Alisema barua kaisoma mwenyewe, mara mbili. Alisema alhamdulillah kwa yule kijana wa pacha. Kisha akauliza: na yule anayekaa na bibi yake, viatu vyake kavipata?

Alikuwa kavipata, kisha kavipoteza tena, na safari hii lilikuwa jambo refu. Nikakaa jioni ile ile kumwandikia.