Msafara wa Keya: njooni na majina

Ukifika Salaita, karibu na Taveta nchini Kenya, saa nne asubuhi huoni kitu. Kilima kifupi kama sufuria iliyofunikwa, miba, vumbi jekundu, na Kilimanjaro upande wa pili ikiwa mawingu yameruhusu. Ndiyo maana swali la kwanza la wageni wangu huwa lile lile: "Mwalimu, tumekesha kwenye basi ili tuje kutazama kichaka?" Ndiyo, kichaka. Nipeni nusu saa.

Mimi ni Mnubi wa Bombo, Uganda. Nilifundisha historia sekondari hadi nikastaafu, na siku hizi nawaongoza watu, wengi wao wajukuu na vitukuu vya askari wa Keya, yaani King's African Rifles (KAR), jeshi la Waafrika chini ya Waingereza, kwenye maeneo ambako watu wa Uganda walipigana vita vikuu viwili vya dunia. Hatuna gari letu. Tunapanda basi la abiria hadi Nairobi, tunaunganisha hadi Voi, kisha tunakodi matatu hadi karibu na Taveta. Hajati mmoja wa kwetu huja na mito miwili, mmoja wa mgongo na mmoja wa kukalia, na kwa sasa nimeona kuwa yeye ndiye mwenye akili kuliko sisi sote.

Tarehe 12 Februari 1916 Waingereza waliwatuma Waafrika Kusini, vijana wazungu wasioijua nchi hii, wakiteke kilima hiki. Mizinga ilipiga kileleni kwa sababu kileleni ndiko mahandaki yalikoonekana. Wajerumani walikuwa wamechimba chini, kwenye kiuno cha kilima, katikati ya miba. Shambulio likavunjika siku hiyo hiyo, na waliosimama kuwakinga wakimbiao walikuwa Wabaluchi wa jeshi la India, watu ambao Waafrika Kusini hao walikuwa wakiwadharau. Mahandaki bado yapo. Yamejaa udongo, lakini ukishaonyeshwa moja unayaona yote, yanazunguka kilima, na mtu aliyekuwa akiuliza habari za kichaka huanza kutembea ameinama bila kuambiwa.

Halafu nauliza: humu handakini alikuwamo nani? Watoto wa shule hujibu "Wajerumani". Wajerumani walikuwa wachache. Waliolala humu na bunduki wengi wao walikuwa askari weusi: Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema, na Wasudani. Hapo ndipo wazee wa Bombo wanapoacha kuzungumza. Mwaka 1889 Wissmann, afisa wa Kijerumani, alikwenda Cairo kuwaandikisha Wasudani waliotoka jeshi la Misri, akawaleta pwani ya Tanganyika kuwa askari wa Kijerumani. Mwaka 1891 Lugard, afisa wa Kiingereza, akawachukua Wasudani wa Emin Pasha, aliyekuwa gavana wa Misri kusini mwa Sudan, kutoka karibu na Ziwa Albert, akawaleta Uganda kuwa askari wa Kiingereza. Hao wa pili ndio sisi. Watu wa jeshi moja la zamani, lugha moja, dini moja, wakagawanywa katika vita vya Wazungu wenyewe. Haji mmoja alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Sasa hapa tunamwombea nani dua?" Nikamwambia wote. Akasema, "Wote ni wengi, tuanze na hawa wa humu shimoni." Tukasoma Fatiha. Mkatoliki wetu kutoka Soroti akavua kofia.

Najua msomi mmoja ataniandikia kwamba 4 KAR, batalioni ya Uganda, haikuwamo katika shambulio la Salaita. Haikuwamo. Ilikuwa upande wa Kagera na Ziwa Viktoria, na mwaka 1916 ikawa katika kikosi kilichoiteka Mwanza. Naanzia Salaita kwa sababu ardhi yake kavu imehifadhi vita kuliko mashamba yetu ya ndizi, na kwa sababu kuna jambo jingine ninalotaka watu walifanye pale.

Nina gunia la posho, yaani unga wa mahindi, la kilo ishirini na tano. Tunalinunua njiani, baadaye tunalipika. Kutoka barabarani hadi mguuni pa kilima analibeba mtu mmoja kichwani, kisha anapokezana na mwingine, na kwa kawaida namchagua kwanza kijana aliyekuwa akitamba kwamba babu yake alikuwa simba wa vita. Anafika amelowa jasho. Hapo namwambia kwamba mzigo wa mpagazi ulikuwa karibu na huo, kwamba alitembea nao siku nzima, na kesho yake tena, kwa miezi, mara nyingi bila viatu na bila kwinini. Vita hivi havikuwa na barabara, na ng'ombe na farasi walikuwa wanakufa kwa mbung'o. Kila risasi, kila biskuti ya afisa, kila bati la paa la hospitali lilikwenda kichwani mwa mtu.

Na chakula. Hili huwaingia sana watu wa Buganda na Busoga. Mtu aliyekulia matoke alipewa unga wa mahindi, mara nyingine ukiwa umepikwa nusu kwa sababu hakuna kuni wala muda, na tumbo lake likakataa. Kuhara damu kuliwaua wapagazi kuliko risasi. Maelfu ya wapagazi wa Uganda walikabidhiwa kwa Wabelgiji mwaka 1916, wakaenda nao kupitia Rwanda kuelekea Tabora. Vijana wa shule zetu, Budo ikiwamo, waliingizwa katika kikosi cha tiba cha Waafrika kilichoundwa Uganda ili kuwahudumia wenzao. Hesabu ya serikali ya Kiingereza yenyewe ilikiri wapagazi zaidi ya 95,000 waliokufa katika vita vya Afrika Mashariki. Majina yao hayakuchongwa popote.

Hapa nina kisirani kidogo, mnivumilie. Nimesoma sana juu ya ziara za namna hii za mataifa mengine. Mkanada akienda Vimy, Ufaransa, anakuta majina 11,285 ya wenzake ambao miili yao haikupatikana Ufaransa, yamechongwa kwenye jiwe. Anaweza kuweka kidole juu ya jina la babu wa baba yake na kulia. Mwongozaji wake kazi yake ni kuonyesha njia. Mimi nikiwapeleka watu wangu Nairobi kwenye sanamu tatu za shaba za Kenyatta Avenue, mmoja wao mpagazi, tunasoma kwa Kiswahili kwamba wapagazi walikuwa miguu na mikono ya jeshi, na kwamba ukipigania nchi yako, hata ukifa wanao watalikumbuka jina lako. Maneno hayo aliyatunga Kipling, mwandishi Mwingereza. Zunguka sanamu nzima ulitafute jina moja. Hulipati. Waliambiwa watoto watakumbuka, kisha karani hakuandika cha kuwakumbusha.

Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti na kukiri wazi: watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita vya kwanza, na huenda kufikia 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa jina, au hawakukumbukwa kabisa. Tangu hapo inatafuta majina katika nyaraka za zamani, Kenya ikiwamo. Januari 2025, Cape Town ilifungua ukumbusho wa Waafrika Kusini weusi 1,772 waliokufa wakitumika bila silaha, kila mmoja na nguzo yake ya mbao yenye jina. Nguzo zenyewe ni za mvule. Nilipowasomea habari hii kwenye basi, Msoga mmoja akaruka: "Mvule! Si tunao hapa kwetu?" Tunao, ndugu yangu, ule uliobakizwa na wachoma mkaa. Kwa hiyo kisingizio cha vifaa hakipo.

Safari ya Kagera, Tanzania, ni fupi, na ni rahisi kwa wasio na siku nyingi. Kampala, Lukaya kwa kuku na gonja, zile ndizi za kuchoma, Masaka, Mutukula, kisha daraja la Kyaka na Bukoba. Bukoba ilivamiwa tarehe 22 na 23 Juni 1915 na kikosi kilichovuka ziwa kwa meli kutoka Kisumu, na KAR walikuwamo. Walikuja kuvunja mnara wa simu ya upepo wa Wajerumani, wakauvunja, wakapora mji, wakarudi. Nasimulia hayo tukiwa ufukweni, na watu wanasikiliza kwa adabu, lakini ukweli ni kwamba Waganda wakishavuka Kyaka wanafikiria vita vingine, vya Uganda na Tanzania. Daraja hilo lilivunjwa na jeshi letu mwaka 1978. Wenyeji wa pale hawajasahau na wanauliza bila chuki, na mimi sijifanyi kwamba ziara yangu inaishia 1945.

Na kila msafara lazima atokee mtu wa kusema Amin alipigana Burma. Amin mwenyewe alipenda isemwe hivyo. Aliingia Keya 1946, vita vimekwisha. Waliopigana Burma ni wengine, na inaniudhi kwamba uongo wake unajulikana kuliko ukweli wao.

Babu yangu alikuwa mmoja wao. 4 KAR, katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile yenye kichwa cha kifaru begani. Ndani ya divisheni hiyo Uganda ilikuwa na batalioni za 4, 34 na 44. Kuanzia Agosti 1944 waliteremka bonde la Kabaw wakati wa mvua kubwa, wakati ambao majeshi mengine husubiri. Babu hakusimulia mapigano. Alisimulia ruba, matope yaliyonyonya buti, na chakula kikidondoshwa kwa miavuli kutoka kwenye ndege, mara nyingine upande wa adui. Desemba walifika Kalewa kwenye mto Chindwin, na wahandisi wakajenga pale daraja la Bailey, la vipande vya chuma vinavyounganishwa, la futi 1,154, refu kuliko yote ya aina hiyo duniani wakati huo. Babu alilivuka. Hilo tu ndilo alilojivunia, kwamba alivuka daraja refu.

Ningependa kuwapeleka watu Kalewa. Haiwezekani. Tangu mapinduzi ya 2021 Myanmar, ndiyo Burma ya zamani, inapigana yenyewe kwa yenyewe, na eneo hilo ni miongoni mwa yaliyoumia zaidi. Kwa hiyo Burma yetu tunaifanyia kwenye makaburi ya vita ya Nairobi, barabara ya Ngong, kwenye ukumbusho wa Afrika Mashariki. Pale yapo majina ya waliozama na meli Khedive Ismail, tarehe 12 Februari 1944, karibu na Maldivi. Meli ilikuwa njiani kutoka Mombasa kwenda Colombo, manowari ya Kijapani ikaipiga, ikazama kwa dakika chache. Walikufa karibu watu 1,300, wengi wao wapiga mizinga wetu wa Rejimenti ya 301, ambao hawakuwahi kuiona Burma.

Vita vya pili vina majina, angalau hapo kuna nafuu. Lakini tatizo ni namna yalivyoandikwa. Karani Mwingereza aliandika alichosikia. Okello ana l moja, Mukasa ana z, baba wa mtu amekuwa ukoo wake. Familia inatafuta kwenye simu, haioni kitu, inakata tamaa. Nawaambia watafute kwa sauti, si kwa herufi, na wajaribu jina la baba peke yake, jina la kubatizwa, hata la kijiji. Mama mmoja wa Gulu alimpata mjomba wake hivyo tukiwa pale pale langoni, akapiga simu nyumbani na kuanza kuwaita ndugu mmoja mmoja waje kwenye laini.

Msafara wa Novemba utakuwa wa Taveta na Nairobi. Wa Kagera nitautangaza mwakani. Njooni na pasipoti na kadi ya homa ya manjano. Njooni na jina la babu, la baba yake, la kijiji na la chifu wa wakati ule. Kama mna cheti chake cha kuachishwa jeshi, pigeni picha pande zote mbili mnitumie kabla ya safari. Msikipeleke kutiwa plastiki kwanza: kwenye mikunjo ndipo namba ya askari hufutikia, na ile mashine ya moto huimaliza kabisa.