Jinsi kalenda ya dagaa ilivyonifundisha kushukuru na kukaa na wagonjwa

Mimi ni mfanyabiashara wa dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, na swali ninaloulizwa mara nyingi na wenzangu wa jumuiya ndogondogo za Kanisa Katoliki ni namna ninavyopata muda wa kwenda kukaa na wagonjwa katika Hospitali ya Bugando, ilhali biashara hii haijui Jumapili wala sikukuu. Jibu langu huwavunja moyo kidogo. Wao hutarajia niwasimulie habari za kufunga na kukesha, nami huwaambia kwamba ninafuata mwezi.

Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi zaidi ni taa za umeme wa jua. Dagaa huvutwa na mwanga, wakishakusanyika ndipo wavu unapowazunguka na kuinuliwa. Kazi yote hiyo hutegemea giza, kwa sababu mwezi unapokaribia kuwa mpevu mwanga wake hutawala uso wa maji na taa ya mvuvi hupoteza nguvu, hivyo mitumbwi mingi hubaki ufukweni, nyavu hushonwa na vijana hupata usingizi. Sisi wa sokoni hatufungi, maana dagaa wakavu huwa bado wapo ghalani na wateja wa Kongo na Burundi hawaulizi habari za mwezi, lakini boti za kutoka visiwani hupungua, wabeba mizigo hukaa vivulini wakicheza bao, na mizani nayo hupumzika. Wenzangu wengi huziita siku hizo za mbalamwezi siku za hasara. Mimi niliamua kuzihesabu kuwa mali ya Mungu na ya watu wake, na siku za giza, ambazo hatuna hata nafasi ya kunywa uji ukiwa wa moto, nikaziwekea jukumu jingine: kushukuru, na kuwapo pale nilipo.

Habari ya kuwapo niliipata kwa jirani yangu wa kibanda, mama wa Kiislamu ambaye tunaitana dada. Adhuhuri hapa Mwanza huingia karibu na saa saba, wakati ambao mabishano ya bei huwa yamepamba moto, na huyu dada, hata kama mteja amekwisha kushika noti mkononi, humwambia kwa upole, "Nisubiri kidogo, baba, naja," kisha huenda kutawadha. Nilimtazama kwa muda mrefu nikingoja siku atakayopoteza mteja. Wateja walisubiri. Nikajiuliza kwa nini sisi Wakatoliki tunayo sala ya Malaika wa Bwana, inayosaliwa asubuhi, saa sita mchana na jioni, nasi tumeiacha kwa watawa na kwa bibi zetu. Kwa kuwa kelele za Mwaloni humeza kengele yoyote ya kanisa, niliiweka kengele hiyo kwenye simu. Inapolia saa sita, ninaacha kuchambua dagaa, ninasali nikiwa nimesimama palepale, kisha ninaendelea. Sala yenyewe haifiki dakika tano, lakini hukata mchana wangu katikati, na baada yake huweza kumwona mteja aliye mbele yangu badala ya kuona bei ya mwenzake atakayefuata.

Siku moja padre alitusimulia habari za Bruda Lawrence, mtawa wa Wakarmeli wa Paris aliyefariki mwaka 1691, ambaye alikuwa askari, akaumia mguu, na baada ya kuingia utawani akapewa kazi ya jikoni, kazi ambayo kwa asili hakuipenda hata kidogo. Mtu huyo alijizoeza kukaa mbele ya Mungu akiwa na sufuria mkononi sawasawa na akiwa amepiga magoti kanisani, hata hakuona tena tofauti kati ya saa ya kazi na saa ya sala. Sijafika huko, na sidhani kwamba kuna njia ya mkato. Hata hivyo kuchambua dagaa ni kazi inayofaa sana kwa zoezi hilo: mikono inatafuta mchanga, vikonokono na furu wadogo waliochanganyika, na akili, isipopewa kazi, hukimbilia madeni. Ninapoigundua imekimbia, ninairudisha kwenye vidole bila kujigombeza, maana kujigombeza nako ni namna nyingine ya kuondoka mahali ulipo.

Kushukuru kulihitaji utaratibu zaidi. Sisi watu wa Kanda ya Ziwa tunasema "namshukuru Mungu" kwa wepisi, tukiulizwa habari za nyumbani, za biashara, hata za mgonjwa anayeendelea vibaya, na kwa sababu tunasema kwa kila jambo, mara nyingi hatumaanishi jambo lolote. Ignatius wa Loyola, aliyeishi kati ya mwaka 1491 na 1556, alipowafundisha watu uchunguzi wa dhamiri wa kila siku aliweka shukrani mahali pa kwanza, kabla ya kuhesabu dhambi. Mtu aanze na mema aliyopokea, ndipo aombe mwanga wa kuona makosa yake. Ninaufuata mpangilio huo kila usiku, nikiwa nimejiwekea sharti kwamba nisishukuru kwa "kila kitu". Ni lazima nitaje. Gunia moja la dagaa limepita mikononi mwa mvuvi aliyekesha majini, wa wanawake walioanika kisiwani na kuwageuza juani, wa nahodha wa boti, wa kijana aliyelibeba kutoka majini hadi kibandani, na wa huyo aliyelishona mdomo. Hao ninaowajua kwa majina ninawataja kwa majina, na nisiowajua ninawataja kwa kazi zao. Katika miezi ya mvua ninaongeza jua, na hili halihitaji kufafanuliwa kwa mtu aliyewahi kuona dagaa walioloweshwa kabla hawajakauka, ambao wakiharibika huishia kuuzwa kwa bei ya kutupa kwa watengenezaji wa chakula cha kuku.

Kisha nikaona kwamba kumwambia Mungu peke yake hakutoshi. Katika Injili ya Luka, sura ya 17, wakoma kumi walitakaswa na mmoja tu, tena Msamaria, ndiye aliyerudi kushukuru. Naye alirudi kwa miguu yake, akaanguka miguuni pa Yesu, hakuishia kufurahi moyoni akiwa njiani. Kwa hiyo nilianza kuwaambia watu wenyewe. Kijana anayenibebea mizigo nilimwambia kwamba ninashukuru kwa namna anavyolishusha gunia taratibu bila kuwavunja dagaa. Akanitazama kwa mashaka, akauliza, "Mama, leo unataka nikubebee bure?" Ilichukua muda kumwondolea wasiwasi huo, na ilinibidi nimlipe kwanza ndipo nimshukuru, ili mambo mawili yasichanganyike.

Hapa pana jambo ambalo wahubiri wengi hulipita haraka, nami sitaki kulipita. Shukrani inaweza kugeuzwa kuwa kifuniko cha kuziba kinywa cha mwenye uchungu. Aliyefiwa anaambiwa ashukuru kwa watoto waliobaki. Aliyekatwa mguu anaambiwa ashukuru kwa mguu wa pili. Sisi tunaoishi kando ya ziwa hili tunapaswa kuwa wa mwisho kusema hivyo. Meli ya MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikiwa imekaribia kabisa kufika Mwanza, mamia ya watu wakafa, na wengi wao wamelala katika makaburi ya Igoma; tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kikapinduka karibu na kisiwa cha Ukara. Karibu kila ukoo wa huku una mtu wa kumtaja. Biblia yenyewe haina haraka ya kumfariji mtu, kwa maana Zaburi nyingi ni maombolezo, na ile ya 88 inaanza kwa kilio na kumalizika gizani bila aya hata moja ya kugeukia furaha. Tangu nilipoisoma kwa makini, nimeacha kabisa kumwambia mtu aliyeumia ashukuru. Nikishukuru, ninashukuru kwa ajili yangu. Uchungu wa mwingine ninaukalia pembeni hadi yeye mwenyewe aseme neno.

Ndivyo nilivyofika wodini. Hospitali ya Bugando, iliyoanza kutoa huduma mwaka 1971 juu ya kilima kinachoonekana kutoka sehemu kubwa ya mji, ni hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa, kwa hiyo hupokea wagonjwa kutoka Mara, Kagera, Geita, Simiyu, Shinyanga na visiwani. Anayetibiwa saratani kwa mionzi huweza kuhitajika mjini kwa wiki kadhaa, na ndugu aliyemleta hukaa naye muda wote huo akiwa hana shamba, hana jirani, na mara nyingine hana hata mtu wa kumsalimia kwa lugha ya kwao. Mimi na wenzangu wa jumuiya tulianza kwa kuonana na wahudumu wa kiroho wa hospitali na wauguzi wa zamu, wakatueleza saa za kuona wagonjwa na mambo tusiyoruhusiwa kufanya. Sisi tulikuwa tumebeba machungwa na maombi.

Aliyenifumbua macho ni kijana wa Ukerewe aliyekuwa akimuuguza baba yake. Nilimsalimu mzee, "Shikamoo, babu," akaitikia kwa kutikisa kichwa. Nikamgeukia kijana nikamuuliza mgonjwa anahitaji nini. Alinijibu kwa adabu, lakini macho yake yalikuwa mekundu, "Mama, baba ana kila kitu. Mimi ndiye sijaoga tangu juzi. Ungeweza kukaa hapa nikaoge?" Akaenda kuoga, na nadhani pia alilala mahali, maana alichelewa sana kurudi. Mimi nikabaki na mzee. Nilitamani kusema jambo, kusoma Zaburi, kuuliza ugonjwa ulianzaje. Kila mara nilijizuia kwa njia ileile ninayotumia kwenye dagaa, ya kuyarudisha mawazo kwenye mikono, ambayo safari hii ilikuwa imeshika kikombe cha maji. Baada ya kimya kirefu mzee akauliza, "Mwezi umefika wapi?" Kitanda chake hakikuwa karibu na dirisha. Nikamwambia tuko kwenye mbalamwezi, ndiyo maana nimepata nafasi ya kuja. Akasema, "Basi vijana wamelala majumbani," na kutoka hapo tukazungumza juu ya upepo, juu ya bei ya nyavu, na juu ya dagaa wa zamani ambao kwa maoni yake walikuwa watamu zaidi. Ugonjwa hatukuutaja, wala hakuniomba nimwombee. Nilipoaga aliniambia, "Karibu tena, mwanangu."

Kuanzia hapo huduma yetu iliwaelekea zaidi wale wanaouguza. Watu hukumbuka kumletea mgonjwa matunda, lakini ni wachache wanaokumbuka kwamba mwanamke aliyekaa chini pembeni ya kitanda hajala chakula cha moto, nguo zake zimekwisha, simu yake haina salio, na anaogopa kwenda hata kwenye foleni ya dawa kwa sababu mgonjwa akiamka hatamkuta mtu. Tunakaa badala yake. Tunafua, tunapanga foleni, tunampa simu apige nyumbani kujua kama mahindi yamepaliliwa. Anayetaka sala tunasali naye, na Waislamu tunawaitia watu wao. Hatumwambii mgonjwa kwamba atapona, kwa kuwa hatujui, na hatupigi picha. Sisemi hili bila sababu: huja vikundi vilivyovaa fulana za kufanana, wakagawa sabuni mbele ya kamera, na nimemwona mama akiombwa ainue sabuni juu kidogo ili ionekane. Sabuni ilikuwa nzuri, nami naamini mama yule aliitumia, lakini sioni kwamba aliyeileta alimwona.

Huduma yenyewe imerudi nyumbani na kazini kwa njia nisizozitarajia. Orodha yangu ya usiku imekuwa na vitu ambavyo zamani visingeingia, kama vile kuoga kwa wakati, kulala kitandani, na kuweza kwenda msalani bila kumwita mtu. Dada wa kibanda jirani naye amejiunga, ingawa mwezi wa Ramadhani huwa hapandi kilimani. Hupika futari nyingi kuliko inavyohitajika kwake na kunipa sehemu niwapelekee Waislamu waliofunga huku wakiuguza. Aliponipa mara ya kwanza nilimshukuru sana, akanikatiza kwa kuniambia nisichelewe, jua linazama.

Tatizo lililobaki ni siku za giza. Boti zinapofika kwa mfululizo siwezi kutoka Mwaloni, na wagonjwa hawaugui kwa kufuata mwezi. Tumelitatua kwa kadiri tulivyoweza kwa kupanga zamu katika jumuiya: sisi wa dagaa tunachukua mbalamwezi, walimu wanachukua Jumamosi za giza na likizo zao, na dereva mmoja wa bodaboda hupanda kila anapopata abiria wa kwenda huko, akakaa nusu saa kisha akaendelea na kazi. Bado kuna mapengo, hasa katikati ya juma, na tungependa wastaafu wenye nafasi wayazibe. Atakayependa kuungana nasi hahitaji kujua kuhubiri. Aje na ndoo na sabuni ya kufulia, kwa sababu siku ya kwanza mtu kwa kawaida hupewa nguo za kufua.